Damu Si Misumari

Kipimo kilimkubali kila mtu isipokuwa mwenye maabara. Jambo hilo lilikuwa zito, la kuzungumzwa kwa sauti ya chini na mikono nyuma, kama watu waliosimama kando ya jeneza.

Mzee Kijana akikifanya, maji yaligeuka buluu. Chokochoko akikifanya, buluu. Hata mlinzi wa getini, aliyeingia kuazima chaja ya simu akajikuta ameshikishwa mrija, alipata buluu iliyokolea kama sketi mpya ya shule, akatoka kifua mbele akitangaza kwamba na yeye sasa ni mwanasayansi. Lakini Profesa akikifanya kwa mkono wake mwenyewe, maji yalibaki maji. Alirudia asubuhi, akarudia mchana. Alibadilisha mrija, akabadilisha miwani. Maji hayakushtuka.

Ndipo alipogeuka taratibu, akamtazama Chokochoko.

Kumtazama Chokochoko ilikuwa desturi ya maabara ile kila kitu kilipoharibika. Alikuwa msichana wa shahada ya uzamili, mwembamba, mwenye sura ya malaika anayetafuta pa kutega mtego. Jina lenyewe alipewa na matroni wa bweni enzi za sekondari, baada ya lile shauri la kengele ya kuamshia, ambalo halitafukuliwa hapa kwa heshima ya kengele, iliyokwisha kupumzika chini ya bwawa. Chuoni alikuja na vyeti vyake na jina lake, na vyote vilithibitishwa mapema. Muhula wa kwanza haujaisha, Profesa alikuwa ameshafungua droo akamkuta chura wa plastiki, ameshavaa koti jeupe lililozibwa mikono kwa uzi, na ameshateuliwa, kwa barua yenye muhuri, kuwa mlezi wa chama cha panya wa maabara.

"Chokochoko," alisema Profesa. "Umeweka nini kwenye mrija wangu?"

"Sijaweka kitu, Profesa. Naapa. Safari hii sijaweka."

"Safari hii," alisema Profesa.

"Namaanisha..."

"Ameapa 'safari hii', Profesa," alidakia Mzee Kijana kutoka kwenye hadubini, ili lisipotee.

Huyu Mzee Kijana alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, kijana wa umri lakini mzee wa kila kitu kingine. Alipiga pasi leso. Alikohoa kabla ya kusema. Mtu hakuhitaji kuuliza kama shuleni alikuwa kiranja. Ilitosha kumwona anavyotembea, kana kwamba nyuma yake kuna foleni.

"Kesho kutwa tunatakiwa hospitali," Profesa aliendelea. "Wakunga watakuwa wamesimama pale wanatusubiri. Mimi sipeleki kwa mama mjamzito kitu ambacho mkono wangu umekikataa. Kikinigomea tena kesho, napiga simu nafuta. Na wewe, binti, nitakuhamishia idara ya udongo. Kule hakuna cha kuchezea ila udongo."

Akaondoka, mabega juu, vifungo vya mikono ya shati vimefungwa mpaka mwisho ingawa jua lilikuwa linapika bati la paa.

Chokochoko alibaki amesimama. Kuna watu wangesema amevuna alichopanda chini ya mito ya watu miaka yote ile, na pengine ni kweli. Lakini kulikuwa na kitu kimoja duniani ambacho hajawahi kukifanyia mzaha, nacho kilikuwa kipimo kile, kwa sababu nyuzi zilikuwa zake.

Alizikuza mwenyewe. Kazi ilikuwa hivi: unachukua kichujio chembamba chenye matundu madogo mno, unakizamisha kwenye maji yaliyoyeyushiwa dhahabu, unapitisha umeme, na dhahabu inapanda ndani ya matundu polepole kama maji yanavyojaa kwenye trei ya barafu. Karibu na mwisho unabadilisha maji, unaweka ya nikeli, ili kila uzi upate ncha ya nikeli kama kiberiti kinavyopata kichwa. Kisha unakiyeyusha kichujio chote, na kinachobaki ni nyuzi, nyembamba kiasi kwamba unywele ukilazwa kando yake unaonekana kama gogo. Kwa macho huoni uzi. Unaona maji yenye rangi ya kutu hafifu, na unatakiwa uwe na imani.

Baada ya hapo nyuzi huvishwa kingamwili, na kila kingamwili ina mdomo wa aina moja tu ya chakula: protini ambayo kondo la nyuma huanza kuimwaga linapolemewa, kabla presha ya mama haijapanda, kabla miguu haijavimba, kabla hajaanza kuona nyota mchana. Unachanganya nyuzi na mkojo kidogo; pale maabara ulikuwa mkojo wa majaribio, uliotiwa protini hiyo makusudi ili buluu isikosekane. Unaupa mrija joto, nyuzi zinatangatanga humo ndani zikikamata zinachokamata. Kisha unaweka sumaku ubavuni. Zinavutwa kwa ncha zao za nikeli, zinajipanga ukutani, unamwaga maji, unasuuza, unadondoshea dawa ya rangi. Zikiwa zimekamata kitu, buluu. Kama hazikukamata, hakuna kitu. Hakuna mashine kubwa, hakuna mtaalamu wa kuletwa kwa ndege. Hata zahanati ambayo umeme huja kusalimia tu na kuondoka ingeweza kukitumia.

Dada yake Chokochoko alikuwa amegundulika ana presha ya mimba siku ambayo nusura iwe siku ya mwisho. Alipona. Mtoto alizaliwa mdogo kama kiatu, akakaa kwenye sanduku la joto mpaka ukoo mzima ukajua majina ya wauguzi wote. Sasa alikuwa mtoto mnene mwenye tabia ya kung'ata wageni, na shangazi zake walisema amemfuata mama yake mdogo. Chokochoko alilipokea hilo kama sifa. Lakini kila alipokuza nyuzi alimkumbuka akiwa ndani ya lile sanduku, na mikono yake ilitulia.

Kwa hiyo usiku ule hakulala vizuri, na kesho yake alikuja kazini na huzuni. Na Chokochoko akiwa na huzuni, alikuwa na dawa moja tu.

Chumba cha chai cha maabara kilikuwa na meza ya plastiki, nyepesi, ya kubebwa kwa mkono mmoja. Alichukua sumaku ya akiba, ile nene, akaibandika kwa utepe chini ya meza, mahali pale pale Mzee Kijana alipokuwa akiweka kijiko chake kila siku bila kukosea hata upana wa kidole. Mpango ulikuwa mdogo na wa kiungwana. Mzee Kijana angelaza kijiko, kijiko kingegoma kunyanyuka, Mzee Kijana angekohoa. Basi. Baada ya hapo mtu angeweza kwenda idara ya udongo akiwa ameridhika.

Mambo yakaenda vingine. Profesa, ambaye siku zote alikunywa chai ofisini kwake, aliingia amebeba kikombe, akavuta kiti cha Mzee Kijana, akaketi.

"Nimejaribu tena asubuhi hii," alisema, akiweka mkono wa kushoto juu ya meza.

Kli!

Ilikuwa sauti ndogo. Mzee Kijana, aliyekuwa anachuja majani ya chai kwa uangalifu wa mpasuaji, hakuisikia. Chokochoko aliisikia vizuri.

"Maji yamebaki maji," Profesa aliendelea. Alitaka kunyanyua mkono ili auweke kifuani kwa masikitiko. Mkono haukunyanyuka. Akautazama. Akavuta kidogo, uso ukiwa mtulivu kabisa. Mkono ukabaki. "Kwa hiyo," alisema, "nimeamua... nimeamua kukaa hapa kidogo nifikiri."

"Fikiri tu, Profesa," alisema Mzee Kijana kwa heshima.

Simu ikalia kwenye mfuko wa kushoto wa koti. Ikalia tena. Profesa akaifikia kwa mkono wa kulia, ukazunguka tumbo, ukashindwa. Akasahau, akainuka.

Meza ikainuka naye.

Ilipanda upande mmoja, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayempisha mzee kiti. Vikombe vikateleza. Bakuli la sukari likamwendea Mzee Kijana mapajani na kujimwaga lote.

"Meza hii," alisema Profesa, "ina gundi."

Akakaa. Meza ikashuka. Kisha, kwa utulivu ambao Chokochoko aliukumbuka maisha yake yote, akaanza kuusogeza mkono juu ya meza bila kuunyanyua, akiuburuta kuelekea ukingoni kama mtu anayepiga pasi, mpaka ukachomoka. Akachukua kikombe chake kitupu, akasema "Haya," akatoka.

"Maskini," alisema Mzee Kijana, akikusanya sukari mapajani kwa kadi ya kitambulisho. "Msongo wa mawazo umemfika mpaka mikononi."

Chokochoko alikuwa ameshika kijiko hewani, na kichwani mwake vitu viwili vilikuwa vinatembea kukutana.

Kitu cha kwanza kilikuwa ile njia ya Profesa ya kupasha joto. Mashine ya joto ilikuwepo maabara, lakini alikuwa amepiga marufuku isitumike kwa kipimo hiki. "Zahanati haina mashine ya joto," alikuwa akisema, "lakini ina muuguzi, na muuguzi ana mkono." Kwa hiyo wote walipasha mirija kwa namna moja: unauchomeka ndani ya pindo la mkono wa koti, ukiegemea mshipa wa kifundo cha mkono, unatembea nao huku na huku ukiendelea na shughuli zako. Mzee Kijana alifanya hivyo. Mlinzi wa getini alifanyishwa hivyo. Na Profesa aliuchomeka mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto ule ule.

Kitu cha pili kilikuwa hotuba.

Kila mwaka Profesa aliwafungulia mwaka wa kwanza kwa hotuba moja, na watu waliokwisha kuhitimu walikuwa wakirudi kuisikiliza tena. Alikuwa akinyanyua tangazo la bangili za sumaku, zile za kutibu viungo, mgongo, usingizi na ndoa, akalisoma lote kwa sauti ya mhubiri. Kisha angelikunja na kunguruma: "Jamani! Damu si misumari!" Ukumbi ungepasuka kwa vicheko. Maneno hayo yaliandikwa kwenye fulana, kwenye madawati, na safari moja kwenye ukuta wa bafu la wavulana, kwa hati ambayo haikuwa ya mvulana.

Chokochoko akaweka kijiko mezani. Kikagandia pale pale, na hakucheka.

Profesa alikuwa amevaa bangili ya sumaku.

Alipouchomeka mrija ndani ya pindo, nyuzi zote ziliikimbilia bangili, zikagandamana ukutani wakati ule ule zilipotakiwa kutangatanga. Zikashikana zenyewe kwa zenyewe kama wanafunzi walioambiwa watafute wenzao wa kukaa nao, na protini ikapita katikati salama salimini. Hakukuwa na mkono uliokataa kipimo. Kulikuwa na urembo.

Mtu asiyemjua Chokochoko hawezi kuelewa jaribu lililomkuta hapo. Watu wa fani yake huishi miaka na miaka wakiombea kitu kama hiki. Angeweza kungoja wageni wakusanyike. Angeweza kudondosha pini za ofisi karibu na mkono ule. Angeweza, Mungu amsamehe, kuagiza fulana. Alizunguka uani mara kadhaa akiwa na tabasamu ambalo lilimfanya mlinzi achungulie kuona kama geti bado lipo.

Lakini kila alipofika mwisho wa picha hiyo, kicheko kilipokwisha, alimwona Profesa amesimama katikati ya ukumbi na vifungo vyake, na alimwona yule mtoto ndani ya sanduku, na kipimo kikifa kwa kuchekwa. Wakunga wasingekumbuka buluu. Wangekumbuka bangili.

Akaenda kugonga mlango wa ofisi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Kama umekuja kuomba msamaha, umechelewa. Kama umekuja kukiri, kaa." Simu ilikuwa mezani mbele yake, na namba ya hospitali tayari kwenye kioo.

"Nimekuja kuomba mrija wa mwisho." Akautoa mfukoni, umeshachanganywa. "Ila leo ukae mkono wa kulia."

"Kwa nini wa kulia?"

Chokochoko alitazama ukuta. Ulikuwa ukuta mzuri, wenye kalenda. "Wa kushoto umefanya kazi sana wiki hii, Profesa. Upumzike."

Profesa alitazama mkono wake wa kushoto. Akamtazama Chokochoko. Akauchukua mrija, akauchomeka kwenye pindo la kulia, akauficha mkono wa kushoto mgongoni, na wote wawili wakaanza kuitazama kalenda kwa bidii.

Muda ulipotimia, waliweka sumaku, wakamwaga, wakasuuza. Profesa mwenyewe alidondosha dawa.

Buluu. Buluu ya kutia aibu.

"Umejua lini?" aliuliza Profesa, akiendelea kuutazama mrija.

"Meza ilipoinuka."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi, Profesa na meza."

Profesa akapumua kama tairi. "Mama watoto ndiye aliyeninunulia. Kifundo kilikuwa kinaniuma. Nikamwambia, mke wangu, damu si misumari. Hakunijibu. Alinitazama tu. Wewe hujaolewa, hujui kutazamwa. Tangu siku hiyo sijaivua, hata bafuni naingia nayo."

"Na kifundo?"

Profesa aliinama, akashusha sauti kama anayekiri wizi wa kuku. "Kimepona. Na usiniulize kwa nini! Vitu hupona vyenyewe! Ningeweza kukuchorea grafu."

"Sijauliza, Profesa."

"Hili halitoki chumba hiki."

"Halitoki."

"Wewe? Lisitoke?"

"Nitajitahidi mno," alisema Chokochoko, na lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyowahi kusema ofisini mle.

Profesa akaifuta namba ya hospitali kwenye kioo cha simu.

Kesho yake walikuwa kliniki ya wajawazito, kwenye chumba kidogo chenye mizani, pazia la kijani na benchi nje lililojaa akina mama wakijipepea kwa kadi zao. Mkunga Mkuu aliwapokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye saa iliyobanwa kifuani na macho yaliyokwisha kuona kila aina ya uongo ambao baba mtarajiwa anaweza kubuni. Alikuwa pia, kama watu wote walivyojua na hakuna aliyethubutu kutaja siku hiyo, mke wa Profesa.

"Karibuni, wataalamu," alisema, bila kumpendelea yeyote kati yao.

Nyuma yake walisimama wakunga kadhaa, mikono imekunjwa. Walikuwa wameshaletewa vifaa vingi katika maisha yao. Kimoja kilihitaji chaji ambayo haikuuzwa popote. Kingine kilikuwa kinazungumza, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua.

"Nimeweka vichupa vitatu," alisema Mkunga Mkuu. "Kimoja ni cha mama aliyelazwa kwa shida hiyo hiyo mnayoitafuta. Kipi, najua mimi peke yangu. Kifanyeni kazi, mniambie."

Walipofika walikuwa wamepanga vitu vyao juu ya toroli la chuma lililoegeshwa pale. Sasa wakavihamishia mezani. Wakachanganya. Mrija mmoja ukaingia pindo la Chokochoko, mmoja la Mzee Kijana, na wa tatu Profesa alimpa mkunga mmoja kijana. "Wewe ndiye utakayekifanya kesho, si mimi," alimwambia, akasimama mbali, mikono nyuma. Chokochoko aliuona umbali huo akaung'ata mdomo wake wa chini. Siri ilikuwa inamwasha ulimi tangu alfajiri.

"Haya," alisema Profesa muda ulipofika. "Sumaku."

Mzee Kijana akanyoosha mkono mezani. Akapapasa. Akajipekua mifukoni, zikatoka kalamu, rula, leso iliyopigwa pasi na leso ya akiba. Sumaku haikutoka.

"Ilikuwa juu ya toroli," alisema, na kwa mara ya kwanza hakukohoa kabla ya kusema. "Ilinasa kwenye mguu wa toroli. Nikasema nitaitoa."

"Toroli liko wapi?"

Wote waligeuka. Mahali pa toroli palikuwa na sakafu.

"Lile la chai?" alisema mkunga mmoja. "Mhudumu ameshalipitia. Sasa hivi liko wodini, na wodi ni nyingi, baba."

Chokochoko alihesabu haraka. Nyuzi zikikaa sana zingezama chini pamoja na uchafu wote, na hapo hata sumaku ya malaika isingezitenga. Mkunga Mkuu alikuwa ameshaangalia saa yake kifuani.

"Nina watu benchini," alisema, si kwa ubaya. "Mje siku nyingine."

Siku nyingine! Kila mtu chumbani aliijua hiyo siku. Haimo katika wiki yoyote.

Ulimi wa Chokochoko ulifika kwenye meno. Neno moja tu, na kipimo kingepona. Akamtazama Profesa, naye Profesa alikuwa anamtazama yeye, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Akaufunga mdomo kwa mkono wake mwenyewe. "Nalikimbiza toroli," alisema kupitia vidole, akaanza kutoka.

"Simama," alisema Profesa.

Akafungua kifungo cha mkono wa kushoto. Akakunja pindo mara moja. Akakunja tena. Bangili ikatokea, ya kung'aa, nene, yenye vichwa viwili vya duara kama vya chatu aliyevimbiwa.

Mkunga kijana, aliyewahi kupita chuoni na kuketi katika ukumbi ule ule, alishindwa kujizuia. "Damu si misumari," alinong'ona.

"Ni kweli," alisema Profesa, kwa sauti ile ile ya ukumbini, ingawa masikio yalikuwa mekundu. "Nilisema na narudia. Damu si misumari. Lakini nyuzi hizi zina nikeli, na nikeli, mabibi na mabwana, haina tofauti na misumari! Leteni mirija."

Akaivua, akaiweka mezani, akaiegemeza mirija yote mitatu juu yake. Chumba kizima kiliinama. Polepole, kwenye ubavu wa kila mrija, mstari mweusi ukaanza kujichora, mwembamba, umepinda kidogo, kama nyusi iliyopigwa wanja.

"Heee!" alisema mmoja wa wakunga, na mikono yake ikakunjuka.

Chokochoko akamwaga, akasuuza, akadondosha dawa. Mrija wa kwanza, maji. Wa pili, maji. Wa tatu ulikaa kidogo kana kwamba unawaza, kisha buluu ikaanzia pembeni ikaenea mpaka chini.

Wote walimtazama Mkunga Mkuu. Yeye alitazama buluu, akatazama namba kwenye kichupa, akatikisa kichwa taratibu, kwa kukubali.

"Ndiye huyo," alisema. "Wa kwanza ni mimi mwenyewe, na sina mpango wa mtoto mwingine. Wa katikati ni chai yangu ya asubuhi, nimeizimua kwa maji."

"Chai?" alisema Mzee Kijana.

"Nilitaka kuona kama mtaniambia chai ina mimba."

Chokochoko alimtazama mwanamke yule kwa heshima ambayo hakuwahi kuwapa hata wazazi wake. Lakini Mkunga Mkuu alikuwa ameshamgeukia mumewe. "Baba watoto, hiyo bangili kumbe unaivaa?"

"Si ulininunulia wewe?"

"Nilikununulia kwa mzaha! Ulikuwa umenichosha na hotuba yako mpaka mezani. Nilijua hata jioni haitafika, utakuwa umeitupa."

"Ulinitazama!"

"Nilikuwa nazuia kicheko!"

Hakukizuia tena. Kilitoka chote, na wakunga wakakidaka, kikatoka mlangoni mpaka benchini, ambako akina mama walianza kucheka bila kujua wanacheka nini, wakishikilia matumbo yao. Profesa alisimama kama nguzo. Kisha bega moja likatikisika, likafuata la pili.

"Jumatatu," alisema Mkunga Mkuu, akijifuta macho. "Leteni boksi zima. Nataka benchi lote lipimwe. Na bangili nayo ije, ikae hapa kazini; nyumbani haina kazi."

"Kifundo changu..." alianza Profesa.

"Damu si misumari," alisema mkewe.

Hapo ndipo mlango uliposukumwa, likaingia toroli, nyuma yake mhudumu wa chai akiwa amekasirika mpaka kofia imekaa upande. Chini ya toroli, kuanzia mguu mmoja, vilikuwa vimening'inia vijiko vya wodi nzima, kimoja kimeng'ang'ania kingine, kama popo wamelala.

"Nani amechezea toroli langu?" aliuliza. "Wagonjwa wamekoroga chai kwa kalamu za wauguzi!"

Vichwa viligeuka tu, vyote kwa pamoja, kwa desturi: cha Profesa, cha Mzee Kijana, hata cha mkunga kijana ambaye alikuwa amemfahamu asubuhi ile ile.

"Si mimi!" alipiga kelele Chokochoko, mikono juu. "Jamani, naapa, safari hii si mimi!"

"Safari hii," walisema Profesa na mkewe kwa sauti moja.